Kamati yetu ya usanifu wa mifumo imekuwa kizuizi: tukaze wapi na tulegeze wapi?

Katibu_wa_Kamati (mleta mada)

Wakuu, habari za leo. Mimi ni katibu wa kamati ya usanifu wa mifumo katika taasisi ya mikopo midogo yenye makao makuu Dar es Salaam na matawi mikoani. Kamati hii iliundwa kwa sababu njema kabisa. Kabla yake kila idara ilikuwa inanunua mfumo wake, tukajikuta jina la mteja mmoja limeandikwa namna nne katika mifumo minne, na mhasibu anafunga mwezi kwa kunakili takwimu kutoka faili moja la Excel kwenda jingine mpaka saa tano za usiku. Tukakubaliana kwamba hakuna mfumo mpya utakaoingia bila kupita kwenye kamati, na kwa miaka miwili ya mwanzo utaratibu huo ulituokoa.

Sasa limetokea jambo linaloninyima usingizi. Mwaka jana vijana wetu wawili walitengeneza programu ya simu kwa ajili ya maafisa mikopo. Afisa akiwa kwenye kikundi cha kina mama anapokea marejesho na kuyaingiza papo hapo hata kama hakuna mtandao, na simu ikipata mtandao taarifa zinapanda zenyewe. Kabla ya hapo alikuwa anaandika daftarini, kisha anakuja kuyaingiza ofisini jioni akiwa amechoka. Vijana waliwasilisha ombi kwenye kamati, ambayo hukutana mara moja kwa mwezi. Mara ya kwanza ombi lilirudishwa kwa kuwa kanzidata (programu ya kuhifadhi taarifa) waliyoichagua haimo kwenye orodha iliyoidhinishwa. Mara ya pili lilikosa saini ya mtu wa usalama, ambaye alikuwa likizo. Mara ya tatu akidi haikutimia. Miezi mitano ikakatika bila mtu yeyote kuwaambia ndiyo wala hapana.

Katika muda huo tawi moja lilianza kuitumia programu hiyo kimya kimya, kwenye seva ya kukodi iliyokuwa inalipiwa kwa kadi ya benki ya mmoja wa vijana hao. Tulikuja kujua siku ambayo mama mmoja alifika tawini na simu yake mkononi. Ujumbe aliotumiwa ulisema deni lake limebaki shilingi 180,000, na skrini ya karani ilisema 240,000. Alikuwa amelipa 60,000 mbele ya wenzake wote wa kikundi, na karani akamwambia kwa sauti, watu wakisikia, kwamba hajalipa. Tulipochunguza tulikuta programu inatuma ujumbe mara tu afisa anapoingiza malipo, lakini malipo yenyewe yanafika kwenye leja kuu, yaani kitabu kikuu cha hesabu za taasisi, kwa faili ambalo mtu hulipakia kwa mkono kila jioni, na faili la siku ile halikupakiwa.

Menejimenti imeagiza kila kitu kisimame, na kuanzia sasa kila badiliko, hata la rangi ya kitufe, lipite kwenye kamati. Vijana wanatafuta kazi kwingine. Maafisa mikopo wamerudi kwenye daftari, na wanalalamika kwa haki. Nimetakiwa kupeleka pendekezo kwenye kikao cha wiki ijayo. Ninachoomba kwa wenye uzoefu ni hiki: usimamizi wa usanifu upangwe vipi ili ulinde fedha na taarifa za wateja bila kuua kila wazo kabla halijajaribiwa?

Msanifu_Posta

Ndugu mleta mada, pole kwa yaliyomkuta mama huyo, maana ndiye aliyebeba gharama ya mgogoro wenu. Nimefanya usanifu wa mifumo ya benki kwa miaka mingi na nimekaa pande zote mbili za meza, kwa hiyo naomba nianze na jambo ambalo huenda halitawafurahisha wajumbe wako. Kamati ilikaa na ombi lile miezi mitano, na katika muda wote huo haikuuliza swali ambalo lingemsaidia mama huyo: malipo yakiingizwa kwenye simu yanafikaje kwenye leja kuu, na pale vitabu hivyo viwili vinapotofautiana, kipi ndicho cha kweli? Mliuliza aina ya kanzidata. Kanzidata ikionekana haifai inabadilishwa ndani ya wiki chache na mteja hatajua kitu. Salio ambalo mteja ameshatumiwa kwenye simu yake halibadilishwi kirahisi hivyo, kwa sababu tayari amelionesha kwa mumewe na kwa mwenyekiti wa kikundi.

Mimi ningegawa maamuzi kwa kuuliza: tukikosea, ni nani anaumia, na itatuchukua muda gani kurudi tulipokuwa? Ukipima hivyo utaona kwamba mambo mazito ni machache. Ni leja ya fedha, taarifa binafsi za wateja, utambulisho wa watumiaji na nenosiri zao, mahali ambapo mfumo mmoja unaungana na mwingine, na mikataba ambayo kutoka kwake kunagharimu. Hayo yapite kwenye kamati bila kusamehewa hata moja. Yaliyobaki, kwa maana ya lugha ya programu, muonekano wa skrini, namna ya kupanga msimbo (maandishi ya programu) na zana za majaribio, yaamuliwe na timu yenyewe kwa sharti la kuandika ukurasa mmoja unaoeleza tumeamua nini, tulikuwa katika hali gani, na tunakubali kubeba matokeo gani. Mtindo huo wa kumbukumbu fupi za maamuzi ulipendekezwa na Michael Nygard mwaka 2011, na sisi tumeutumia kwa faida kubwa, kwani mtu mpya akifika anasoma kurasa thelathini na kuelewa kwa nini mfumo uko ulivyo, badala ya kupigwa danadana kutoka meza moja hadi nyingine.

Kwa programu yenu ningeweka masharti mawili tu kabla ya kuiruhusu kwenye tawi la majaribio. La kwanza, kila malipo yapewe namba yake ya pekee pale pale kwenye simu yanapoingizwa, na leja kuu ikiiona namba hiyo mara ya pili isiyahesabu tena, kwa sababu mtandao wa mikoani unakatika na simu itatuma jambo moja mara tatu. La pili, ujumbe wenye salio usitoke mpaka leja kuu ijibu kwamba imepokea. Kabla ya hapo mteja atumiwe ujumbe unaosema malipo yake yamepokelewa na yanasubiri kuthibitishwa. Kazi hiyo vijana wawili wanaimaliza kwa wiki mbili, na faili la kupakia kwa mkono linakufa siku hiyo hiyo.

Naelewa hofu ya menejimenti, na wanaodhani dawa ni kuwaacha vijana wafanye watakavyo wakumbuke kampuni ya Knight Capital ya Marekani. Mwishoni mwa Julai 2012 ilipandisha programu mpya ya kuuza na kununua hisa kwenye seva saba kati ya nane. Ile ya nane ilibaki na kipande cha msimbo wa zamani ambacho kilikuwa hakijatumika kwa miaka mingi, tarehe 1 Agosti kikaamshwa na maagizo mapya, na ndani ya dakika kama 45 kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 440. Hakukuwa na utaratibu wa maandishi unaomtaka mtu wa pili kuhakiki kazi hiyo. Lakini tazama pia kwamba kamati inayokutana mara moja kwa mwezi isingeliona kosa lile hata ingekuwa na wajumbe hamsini. Kilichohitajika ni ukaguzi wa kompyuta wa dakika mbili, unaolinganisha seva zote nane siku ile ile ya kupandisha. Agizo lenu la kupeleka rangi ya kitufe kwenye kamati litawachosha wajumbe, nao wakishachoka watasaini jambo zito bila kulisoma.

Jambo la mwisho ni muda. Ombi jepesi lijibiwe ndani ya siku tano za kazi, na likipita siku hizo bila jibu lihesabiwe limekubaliwa.

Mkaguzi_Dodoma

Wadau, nakubaliana na mengi ya Ndugu Msanifu, ila hapo mwisho hapana. Mimi ni mkaguzi wa ndani wa mifumo, na nimeona mara nyingi ukimya unavyogeuzwa kuwa idhini. Anayewasilisha ombi ndiye anayeliita jepesi, na siku tano baadaye taarifa za wateja ziko kwenye seva ambayo hakuna anayejua iko nchi gani.

Kwenye kisa cha mleta mada watu wanazungumzia salio, na mimi naangalia ile seva ya kukodi. Ina majina, namba za simu, bila shaka na namba za NIDA za wateja. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi kuna masharti yake ndani ya sheria hiyo. Taasisi itajibu kwa tendo ambalo menejimenti haikulijua. Na kijana akihama kesho, kadi yake ikikataa kulipa, nani ana ufunguo wa kuingia? Hilo ni la kushughulikia leo, kabla ya pendekezo lolote.

Mkitaka kunisikiliza kwa jambo moja, basi liwe daftari la mifumo. Liandikwe jina la kila mfumo, mwenye nao, taarifa zilizomo, vipande vya programu za watu wengine vilivyotumika kuujenga, na mtu wa kupigiwa simu usiku wa manane. Mwaka 2017 kampuni ya Equifax ya Marekani iliibiwa taarifa za watu wapatao milioni 147 kupitia tundu lililokuwa kwenye Apache Struts, kipande cha programu ya watu wengine kinachotumika kujenga tovuti. Kiraka, yaani marekebisho ya kuziba tundu hilo, kilikuwa kimetolewa Machi mwaka huo, na tangazo la ndani la kuwataka watu wakiweke lilitumwa, lakini mfumo mmoja unaotazama nje haukufikiwa na wezi wakaingia Mei. Juu ya hayo, kifaa cha kuchungulia mawasiliano yanayotoka kilikuwa hakioni kwa miezi mingi kwa sababu cheti chake cha usalama kilikuwa kimekwisha muda. Waliwahi kuonywa, na kiraka walikuwa nacho. Usilolijua kwamba unalo hutalilinda, na mfumo ulioingilia mlango wa uani ndio usioandikwa popote.

Msanidi_Mwanza

Shikamooni wakubwa. Naomba niseme kwa upande wetu sisi tunaoandika programu, kwa kuwa tunaonekana kama watu wasiopenda utaratibu. Mimi binafsi sijawahi kuumizwa na kamati iliyonikatalia kwa sababu inayoeleweka. Mwaka fulani ombi langu lilikataliwa ndani ya siku mbili, nikaelezwa tatizo, nikalirekebisha na nikashukuru. Kinachovunja moyo ni kupita ofisini kila asubuhi kuuliza karatasi iko kwa nani, na kuambiwa iko kwa mkubwa ambaye hayupo.

Kuhusu seva ya kukodi, naomba wakubwa wajiulize kwa nini kijana alitoa kadi yake mwenyewe, pesa ya mshahara wake, kuilipia kazi ya ofisi. Katika ofisi niliyokuwa awali, kupata seva ya majaribio kulihitaji fomu ya kurasa nyingi na saini za watu watano, wakati kukodi moja mtandaoni kulichukua dakika kumi. Tulipohamia utaratibu mpya, timu ya miundombinu ilituandalia mazingira yaliyo tayari: unaomba kwa kubonyeza, unapewa seva ndani ya nusu saa, ikiwa na nakala ya akiba ya kila usiku, kumbukumbu za nani ameingia, na taarifa za mfano ambazo majina na namba za simu zimebadilishwa. Tangu hapo sijamwona mwenzangu yeyote akienda kukodi nje. Ukitoka kwenye mazingira hayo unaruhusiwa, lakini lawama, ulinzi na simu za usiku vinakuwa vya kwako, na hakuna aliyetaka hivyo.

Ombi langu lingine ni kwamba msanifu aje akae nasi siku ya kwanza tunapochora kwenye ubao. Akija mwisho kama hakimu, anakuta nyumba imeshaezekwa na hana la kusema isipokuwa ibomolewe.

Mdau_wa_Malipo

Ndugu Katibu, nashangaa hakuna aliyetaja mfano tulio nao nyumbani. Nilikuwa taasisi ya umma wakati mfumo wa malipo ya serikali kwa njia ya kielektroniki, GePG, ulipoanza mwaka 2017 chini ya Wizara ya Fedha. Kabla yake kila taasisi ilikuwa na akaunti zake katika benki mbalimbali na vitabu vyake vya stakabadhi. Dirishani kwetu mwananchi alikuwa anakuja na hati ya benki, karani anaigonga mhuri, halafu hati inasubiri mhasibu aende benki kuchukua taarifa ya akaunti ili ionekane kama pesa imeingia kweli. Siku nyingine tulikuwa na hati mbili zenye namba moja.

Sharti lililoletwa lilikuwa kali, na wengi wetu tulinung'unika. Hakuna taasisi ya umma ya kupokea pesa bila namba ya malipo, ile tuliyozoea kuiita kontro namba, itakayotolewa kupitia mfumo huo mmoja. Lakini sharti halikutuambia tutengeneze ankara zetu kwa programu gani. Wenye mfumo wa maji walibaki na wao, hospitali wakabaki na wao, vyuo vivyo hivyo. Kila mmoja aliunganisha mfumo wake kwa muundo ule ule wa ujumbe, basi. Na upande wa pili mwananchi akaweza kulipa benki, kwa wakala, au kwa simu akiwa amekaa kwake, kwa namba moja. Mitandao ya simu na benki zilijenga njia zao za kulipia bila kuzungumza na kila taasisi moja moja. Sisi wenyewe, baada ya kuunganishwa, tulibadilisha programu yetu ya ankara mara mbili na hatukuhitaji kumwomba mtu ruhusa, kwa sababu kiungo hakikuguswa.

Kwa hiyo ningewashauri mkaze kwenye viungo kuliko mnavyokaza sasa. Leja kuu yenu iwe na mlango mmoja unaojulikana, wenye maelezo yaliyoandikwa, na kila programu inayotaka kuandika malipo ipite hapo. Ndani ya vyumba vyao waacheni wapange samani wapendavyo. Nasema hivi nikijua kwamba kujenga mlango huo ni kazi ya miezi na inahitaji bajeti, nayo ni kazi ambayo ni vigumu kuionesha kwenye ripoti ya mwaka. Ombeni bajeti hiyo kabla ya kuomba kitu kingine.

Mdau_Nairobi

Nawasalimu kutoka Nairobi. Nikiongezea hapo, M-Pesa haikuanza kama huduma ya kutumiana pesa. Majaribio ya kampuni ya simu ya Safaricom yalianza Oktoba 2005, kwa wateja wachache wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo, Nairobi na Thika, na lengo lilikuwa kurejesha mikopo midogo kwa simu, yaani kazi ile ile ya vijana wa Ndugu Katibu. Wakati wa majaribio watu walionekana wanatumiana pesa kwa mambo yao mengine, na huduma iliyozinduliwa Machi 2007 ikajengwa juu ya jambo hilo. Kama mtu angedai mwaka 2005 kwamba huduma yote ielezwe kikamilifu kwenye fomu kabla ya mteja wa kwanza, wangeandika huduma nyingine kabisa.

Hata hivyo Benki Kuu ya Kenya haikuwaacha hivi hivi. Pesa za wateja zilitakiwa kukaa kwenye akaunti ya amana katika benki ya biashara, zikilingana shilingi kwa shilingi na zile zinazoonekana kwenye simu, na kampuni haikuruhusiwa kuzigusa wala kuzikopesha. Sharti hilo lilikuwepo tangu mwanzo na lilibaki vile vile huku menyu, viwango na mawakala vikibadilika kila mara. Wekeni idadi ya wateja wa majaribio, kiasi cha juu cha malipo kwa siku, na tarehe ya mwisho. Tarehe ikifika, mtu mmoja mwenye jina aamue kuendelea, kurekebisha au kufunga.

Msanifu_Posta

Ndugu Mkaguzi, nimelifikiria jibu lako na nakubali nilikosea kwenye ukimya kuwa idhini, hasa kwa taasisi inayoshika fedha za watu. Nabadilisha hivi: siku tano zikipita bila jibu, ombi liende kwa mtu mmoja aliyetajwa kwa cheo, naye awe na siku mbili za kusema ndiyo au hapana kwa maandishi. Akisafiri, awepo wa kukaimu. Na uzito wa ombi uamuliwe na msanifu, mwombaji asijiamulie.

Sitabadilika kwenye jambo moja. Watafiti wa DORA, mradi wa utafiti kuhusu utendaji wa timu za programu, ambao kwa miaka mingi wamelinganisha timu za programu za aina nyingi, hawakuona kwamba kupeleka kila badiliko kwa idhini ya kamati ya nje kunapunguza hitilafu, na waliona wazi kwamba kunachelewesha. Kilichokwenda pamoja na ubora kilikuwa mwenzako wa timu kuisoma kazi yako, majaribio yanayojiendesha na mabadiliko madogo madogo yanayoweza kurudishwa. Lile agizo la kitufe naomba ulipinge kikaoni, hata kama utabaki peke yako.

Katibu_wa_Kamati (mleta mada)

Nawashukuru nyote, wakubwa na wadogo. Baada ya kusoma jibu la Mkaguzi nilimwita kijana mwenye seva jana jioni. Alikuja na hofu, akidhani anaitwa kufukuzwa. Tulikaa naye mpaka saa mbili usiku pamoja na mtu wa miundombinu, tukahamisha taarifa zote kwenye seva ya ofisi, tukahakiki idadi ya kumbukumbu pande zote mbili, kisha akaifuta ile ya kukodi mbele yetu. Risiti za miezi minne alizolipa mwenyewe nimezichukua, na nimeomba arejeshewe.

Pendekezo langu nimeanza kuliandika upya. Ukurasa wa kwanza una yale mambo matano mazito tu, na la muunganisho na leja kuu nimelitoa chini nikaliweka juu. Daftari la mifumo nimelianza mwenyewe asubuhi hii, na hadi saa sita nilikuwa nimeandika mifumo 19, sita kati yake sikuwahi kuisikia. Kwa tawi la majaribio naomba miezi mitatu, wateja wa vikundi vinne tu, na yale masharti mawili ya namba ya malipo na ujumbe. Bado natafuta jibu la swali la mlango wa leja kuu, kwa kuwa mfumo wetu tumeununua kwa mkataba na mwenye nao anadai malipo makubwa kwa kila muunganisho. Aliyewahi kujadiliana na muuzaji wa namna hiyo tafadhali aniandikie alianzia wapi.

Mama yule nilimfuata tawini mimi mwenyewe juzi. Salio lake sasa ni 180,000 kwenye vitabu vyote, na karani amemwomba radhi mbele ya kikundi.